Moto wa Nyumbani katika Nchi ya Meru na Embu

Wahenga walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Hapana shaka aliyeitunga methali hii alipata kukaa jikoni na kuitazama kazi ya mawe yale kwa macho yake. Figa moja ni jiwe tu. Mafiga mawili hayakitulizi chungu. Yakiwa matatu, tena yamepangwa sawasawa, huchukua chungu, chakula kilichomo, na tumaini la wote wanaokingojea. Sisi twaitumia methali hii kuusifu umoja, na ni vema. Lakini leo, msomaji, tuirudishe ilikotoka, nayo ituongoze jikoni.

Historia tusomayo shuleni aghalabu ni ya vita, safari, mikataba na wakuu wa nchi. Moto wa jikoni haukutiwa sahihi na mfalme yeyote, wala haukupigiwa mizinga. Hata hivyo hakuna vita iliyopiganwa, wala baraza lililokaa, wala shule iliyofunguliwa, bila ya mtu fulani kuamka alfajiri na kuwasha moto. Nataka tuifuate habari ya moto huo katika nchi ya Meru na Embu, tangu mafiga matatu hata mtungi wa gesi. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza, yatupasa kujua jinsi wazee wetu walivyoishi. Ya pili ni nzito zaidi: moto umebadilika mikononi mwetu upesi kuliko adabu zetu za kuutumia, na pengo lililopo kati ya mambo hayo mawili huua watu. Huenda jioni ya leo wewe ndiwe utakayeagizwa kuwasha jiko.

Nchi yenyewe huanza juu, kwenye barafu na miamba ya Mlima Kenya wenye kimo cha meta 5,199. Huteremka upande wa mashariki na kusini mashariki kupitia msitu mnene, mashamba ya chai na mashamba ya kahawa, mpaka nyika kavu za Mbeere na Tharaka karibu na Mto Tana. Kaskazini mashariki vimesimama vilima vya Nyambene. Katika nyanda za juu, mwezi wa Julai, ukungu hushuka mpaka mlangoni, na mtu huiona pumzi yake mwenyewe ikitoka kinywani kama moshi. Kwa hiyo moto katika nchi hii haukuwa wa kupikia tu. Ulikuwa wa kuota, wa kuangazia, wa kukaushia nafaka, na wa kukusanyia watoto jioni wapate kusikiliza hadithi.

Lugha yenyewe ni shahidi wa jambo hili. Neno letu jiko lina ndugu yake katika lugha za mlima huu, nalo ni riko. Maneno hayo mawili yamechipuka katika shina moja la kale la lugha za Kibantu. Maana yake ni kwamba kabla watu wa pwani na watu wa mlima hawajaachana njia, wahenga wao walikuwa na jiko na jina la kuliita. Wengi wamesahau vita vya zamani zile na majina ya waliovishinda, lakini jina la jiko halikusahauliwa.

Nyumba ya mwanamke ilikuwa ya mviringo, yenye kuta za miti na udongo na paa la nyasi. Ndani yake yalikaa mafiga matatu, na juu yake ulitengenezwa uchaga wa kukaushia kuni. Wanaume walikuwa na nyumba yao na moto wao, na katika Meru vijana wa vita walikaa pamoja katika nyumba kubwa iliyoitwa gaaru. Lakini moto wa chakula ulikuwa chini ya amri ya mama, na amri hiyo haikubishaniwa.

Kuuzaa moto ilikuwa kazi ngumu. Ulindi, yaani kijiti kigumu, ulipekechwa kwa viganja juu ya kijiti laini kiitwacho uwimbombo, mpaka unga wa mti ukafuka moshi na kushika. Kitu kinachopatikana kwa jasho hakiachwi kizimike ovyo. Usiku makaa yalifunikwa kwa majivu yakalala hai hata asubuhi. Yakifa, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae mkononi kuomba moto, na mtoto huyo ilimpasa kujua namna ya kuubeba: asikimbie, asipite chini ya nyasi za paa, asiuelekeze kwenye upepo. Hizo ndizo adabu za moto. Hazikuandikwa popote, maana zilikaa katika kinywa cha mama na mkono wa mtoto.

Angalia sifa moja ya moto ule, maana tutairudia. Hatari yake ilijitangaza. Moshi uliwasha macho kabla haujaziba pumzi, joto liliionya ngozi, na cheche zilionekana zikiruka. Nyumba nayo ilipumua: moshi ulipanda ukapenya katika nyasi za paa, na hewa mpya ikaingia mlangoni. Mtu hakuhitaji elimu ya kitabuni ili ajue kwamba mambo yameharibika. Pua, macho na ngozi vilitosha kuwa walimu.

Lakini tusidanganyane kwa kuyasifu ya kale kupita kiasi. Moshi ule ulikuwa adui ndani ya nyumba. Uliwapofusha wazee polepole na kuwakohoza watoto wachanga waliobebwa mgongoni jikoni. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa majumbani bado huua watu wapatao milioni 3 duniani kila mwaka. Mtu atakayekuambia kwamba mafiga matatu hayakuwa na kosa, mwulize kwamba aliyekaa mbele yake kutwa alikuwa ni nani.

Serikali ya Kiingereza ilifungua kituo Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Mtawala mmoja aliyefanya kazi katika sehemu hizo, G. St. J. Orde Browne, alichapisha mwaka 1925 kitabu juu ya makabila ya mteremko huu, akakipa jina lenye maana ya kuwa makabila hayo yanatoweka. Makabila hayakutoweka, kilichotoweka ni baadhi ya vyombo vyao. Kiberiti kilifika madukani, na ulindi ukasahauliwa. Mafuta ya taa yakafuata. Katika miaka ya 1930 wakulima wa Embu, Meru na Kisii walikuwa Waafrika wa kwanza katika Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa kwa majaribio. Fedha ya kahawa ilileta mabati na misumari, na baadaye mawe ya kujengea na vioo vya madirisha. Weka neno hili akilini, msomaji: nyumba ilianza kubadilika kabla moto haujabadilika.

Kisha zikaja siku za taabu. Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari. Msitu wa Mlima Kenya ulifungwa kwa raia, na tangu mwaka 1954 watu waliokuwa wakikaa mbalimbali katika mashamba yao walihamishwa kwa nguvu wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Handaki refu lilichimbwa kandokando ya msitu kwa kazi ya lazima, na mzigo wa kazi hiyo uliwaangukia sana wanawake. Mama aliyezoea kwenda kutafuta kuni saa aipendayo, sasa alikwenda kwa ruhusa na kurudi kwa amri. Kwa mara ya kwanza watu wengi waliona kwamba moto wa nyumbani waweza kuzimwa na mtu aliye mbali, asiyekujua wala kukutazama usoni.

Baada ya uhuru, mwaka 1963, watu waliongezeka na mashamba yakagawanywa kwa wana na wajukuu. Misitu ilisogea mbali. Wakulima walipanda mukima, mti uliotoka Australia, katika mipaka ya mashamba ya kahawa, na matawi yake yakawa kuni. Nyika za chini zilitoa makaa, na magunia yakapanda milimani na kwenda mijini. Tena palikuwa na jambo la kushangaza katika nchi hiyo hiyo ya Mbeere. Mto Tana ulipozuiwa kwa mabwawa ya kuzalisha umeme, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, nguvu ile ilipita juu ya vichwa vya watu katika nyaya nene kuelekea miji mikubwa, na chini ya nyaya hizo mama akapita na mzigo wa kuni mgongoni.

Agosti 1981 mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya ulifanyika Nairobi. Katika miaka iliyofuata mafundi wa Kenya waliliunda jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, wakichukua mfano kutoka jiko la Thailand na kuugeuza ufae sufuria zetu. Jiko hilo lilitumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu, likaenea nchi nzima. Wakati huohuo chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilishiriki kueneza jiko la kuni la udongo lililoitwa Kuni Mbili, kwa kuwa lilipunguza idadi ya kuni. Hizi zilikuwa hatua njema, nazo zilitoka katika mikono ya wafinyanzi na wahunzi wa kwetu.

Walakini makaa yaliingia na siri. Watu waliyapenda kwa sababu hayana moshi, nao wakadhani kwamba pasipo moshi hapana hatari. Kumbe makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, isiyo na harufu wala ladha. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu iliyotekwa hivyo haiwezi tena kuupelekea mwili uhai. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na asipotolewa nje haamki.

Katika nyumba ya nyasi hatari hiyo ilikuwa ndogo, kwa kuwa nyumba ilipumua. Sasa kumbuka lile neno nililokuomba uliweke akilini. Nyumba ya mawe, yenye mlango wa chuma, dari na vioo, haipumui. Mtu aliyeingiza jiko la makaa chumbani usiku wa baridi, akafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke, alifanya lile lililofanywa na bibi yake bila madhara. Lakini alilifanya katika nyumba nyingine. Moto na nyumba ni kama kufuli na ufunguo: ukibadili kimoja, yakupasa kukitazama na cha pili. Watu wamekufa katika nchi yetu kwa kutolijua neno hili, wala hawakuwa wajinga. Waliirithi desturi, hawakuirithi nyumba.

Sasa tufikie gesi. Asili yake iko mbali, lakini njia yake imepita katika shule yako. Mwaka 1855, katika chuo kikuu cha Heidelberg nchini Ujerumani, Robert Bunsen na fundi wake Peter Desaga walitengeneza kichomeo kinachochanganya gesi na hewa kabla ya kuungua, kikatoa mwali wa buluu, safi na wenye joto kali. Kichomeo hicho kimo katika maabara yenu, na kila jiko la gesi la nyumbani hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mnamo mwaka 1910 mkemia wa Marekani, Walter Snelling, alianza kuuchunguza mvuke uliokuwa ukipotea kutoka katika petroli, akagundua ndani yake propani na butani, na njia ya kuzitenga na kuzihifadhi. Gesi hizo zikishindiliwa hugeuka kimiminika, na kimiminika kikiachiliwa hugeuka gesi tena na kujaza nafasi kubwa yapata mara 250. Hiyo ndiyo sababu mtungi mdogo hupika siku nyingi, na hiyo ndiyo sababu haufai kuchezewa.

Kenya ilipata kiwanda cha kusafisha mafuta huko Changamwe, Mombasa, mwaka 1963, na gesi ya mitungi ilikuwa miongoni mwa mazao yake mpaka kiwanda kilipoacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Kwa muda mrefu gesi ilikuwa kitu cha wenye nacho. Kila kampuni ilikuwa na mtungi wake na valvu yake, na mnunuzi alifungwa kwa muuzaji mmoja. Kanuni za serikali za mwaka 2009 ziliamuru mitungi midogo ya majumbani iwe na valvu ya namna moja, na njia ikafunguka. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, bei ya makaa ikapanda, na watu wengine wakageukia gesi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika kila nyumba 100 nchini Kenya, yapata 55 zilipika kwa kuni na yapata 24 kwa gesi. Leo mitungi yauzwa katika miji ya Meru, Embu, Chuka, Maua na Runyenjes, na pikipiki huipeleka hata vijijini. Ule mdogo wenye kichomeo juu yake watu huuita meko. Neno la kale la Kiswahili limepata mtoto mpya.

Je, moto huu mpya una tabia gani? Kwanza, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni kama maji, ikajikusanya pembeni, chini ya meza na katika mashimo. Pili, haina rangi. Tatu, kwa asili yake haina harufu ya kumwonya mtu. Ikifika kiasi cha sehemu 2 hata 10 katika sehemu 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Kwa hiyo moto wa mafiga ulitangaza hatari yake, makaa yakaificha nusu, na gesi, ikiachwa kama ilivyo, huificha yote.

Lakini wewe utasema kwamba gesi ya jikoni kwenu inanuka, tena vibaya. Ni kweli, na harufu ile ina historia ambayo kila mwanafunzi yampasa kuijua. Katika mji wa New London, jimbo la Texas, nchini Marekani, palikuwa na shule kubwa iliyopashwa joto kwa gesi ya ardhini isiyo na harufu. Gesi ilivuja ikajaa chini ya sakafu, na hakuna aliyejua. Alasiri ya tarehe 18 Machi 1937 mashine ya umeme iliwashwa katika chumba cha ufundi, cheche ikaruka, na shule ikalipuka. Watu karibu 300 walikufa, wengi wao wanafunzi wa rika lako. Mwaka huohuo sheria ilipitishwa huko kwamba gesi itiwe harufu mbaya ili mtu aigundue mapema, na desturi hiyo ikaenea duniani. Basi unaposikia harufu ile, usiseme tu kwamba inachukiza. Ni onyo lililonunuliwa kwa maisha ya watoto wa shule.

Hebu sasa tuzitaje adabu za moto mpya, kama mama wa zamani alivyomtajia mtoto adabu za kubeba kigae. Mtungi usimame wima siku zote, mahali pakavu, palipo na hewa, mbali na jua kali, mbali na jiko la makaa na taa ya mafuta. Kama kuna nafasi salama nje ya jikoni, hapo ni pazuri zaidi. Usiuweke shimoni wala kabatini mlimofungwa, kwa maana umekwisha kujua kwamba gesi hutambaa chini. Ununue kwa muuzaji mwenye kibali, utazame kama lakiri yake ni nzima, na ukatae mtungi wenye kutu nyingi au ulioboboka.

Kabla ya kufunga regulata, yaani kile kidude kinachopunguza nguvu ya gesi, zima kila moto ulio karibu na ufungue dirisha. Tazama kipete cha mpira kilichomo kwenye valvu: kikiwa kimepasuka au hakipo, usiendelee. Funga regulata mpaka ikae imara. Mpira wa kupitishia gesi uwe ule uliotengenezwa kwa kazi hiyo, si mpira wa kumwagilia bustani. Ubanwe kwa vibano pande zote mbili, usipite karibu na mwali, na ubadilishwe ukianza kukakamaa au kufanya nyufa.

Kisha fanya jaribio ambalo halina gharama. Hakikisha vishikio vya jiko vimefungwa, fungua valvu ya mtungi, halafu paka povu la sabuni kwenye viungo vyote na mpirani. Pakitokea mapovu yanayokua, gesi inavuja hapo. Funga valvu, urekebishe au umwite fundi. Usitafute uvujaji kwa kiberiti hata siku moja, maana aliyeutafuta hivyo aliupata mara moja tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa gesi haungoji ukuta ujengwe.

Wakati wa kuwasha, washa kiberiti kwanza, ukisogeze penye kichomeo, ndipo ufungue kishikio polepole. Ukifungua gesi kwanza na kwenda kutafuta kiberiti, umeipa gesi nafasi ya kujikusanya. Kama jiko halikushika, funga, ngoja hewa isafike, ndipo ujaribu tena. Haraka haraka haina baraka. Utazame mwali: buluu ni dalili njema, na rangi ya manjano yenye masizi yaonyesha kwamba hewa haitoshi au matundu yameziba, na hapo kaboni monoksaidi ile ya makaa huweza kuzaliwa upya. Ukimaliza kupika, funga valvu ya mtungi, wala usitegemee kishikio cha jiko peke yake.

Na je, ukiisikia harufu? Usiwashe kiberiti. Usiwashe taa ya umeme wala kuizima, kwa kuwa swichi hutoa cheche. Kumbuka mashine ya New London. Kama unaweza kufanya hivyo bila hatari, funga valvu, kisha fungua milango na madirisha. Watoe watu wote nje, ndipo umwite mtu mzima au fundi kutoka huko nje.

Katika nchi za baridi kali, kama Marekani na Kanada, ambako Wakenya wengi wamekwenda kuishi, gesi hupasha nyumba nzima joto kwa tanuri linalokaa aghalabu chini ya nyumba. Tanuri hilo hufungwa na fundi mwenye cheti, lina bomba la kutolea moshi nje, na hukaguliwa kabla ya majira ya baridi. Na nyumba huwekwa kengele inayolia kaboni monoksaidi ikitokea. Mitambo yao ni mikubwa kuliko yetu, lakini ukiyatazama mambo yanayoangaliwa utayakuta ni yale yale: viungo visivuje, hewa ipite, na mwali uwe safi. Mtu wa Imenti anayekaa Minnesota hahitaji adabu nyingine; ahitaji hizi hizi, pamoja na fundi.

Wala usidhani kwamba hatari hii ni ya ng'ambo. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika mtaa wa Embakasi, Nairobi, gari lililobeba gesi lililipuka karibu na mahali palipokuwa pakijazwa mitungi bila kibali. Watu walikufa, na zaidi ya 200 walijeruhiwa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Mitungi inayojazwa gizani, kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, bila vipimo wala ukaguzi, ina bei nafuu, na unafuu huo hulipwa na jirani asiyehusika. Kwa hiyo kununua kwa mwenye kibali ni jambo la jikoni, na pia ni jambo la uraia.

Sasa turudi kwenye mafiga. Nimekuonyesha ya kwamba kila moto ulikuja na adabu zake, na kwamba adabu za mafiga zilifundishwa na mama kwa sababu yeye naye alifundishwa. Gesi imefika katika nyumba nyingi pasipo mwalimu. Bibi yako anaujua moto kuliko wewe, lakini huu hakuupokea kwa mama yake. Na wewe unayesoma kemia na fizikia umeshika elimu ambayo yeye hakupewa nafasi ya kuipata. Zamani mtoto alitumwa kwa jirani kuleta moto nyumbani. Leo yafaa alete pamoja nao maarifa ya kuutunza, naye ayatoe kwa heshima, asijivune mbele ya mkubwa wake.

Figa la kwanza la moto mpya ni mtungi na viungo visivyovuja. La pili ni hewa inayopita. La tatu ni mtu aliye macho, mwenye kuijua harufu na kuitii. Likikosekana moja, chungu hakikai. Utakaporudi nyumbani leo, kabla ya chakula kuinjikwa, omba ruhusa, chukua kipande cha sabuni na maji kidogo katika kikombe, ukavitazame viungo vile.